Haimfai Nani? Kivumishi cha Kiingereza Kilipofika Mara

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri wa Kiswahili huyaogopa kwa ugumu wake, na kuna mengine ambayo angepaswa kuyaogopa kwa wepesi wake. Neno inappropriate ni la kundi la pili. Mfasiri akikutana nalo hasiti: huandika "-siofaa", akasonga mbele kwenye sentensi nyingine. Vazi lisilofaa, lugha isiyofaa, mguso usiofaa, mila zisizofaa. Makala haya yanashikilia kwamba jibu hilo ni zuri kuliko wengi wetu tunavyodhani, na kwamba kosa letu ni kulitumia nusu. Ushahidi tutautafuta mbali na visiwa vyetu, katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, kwa sababu huko neno hili halikubaki katika kamusi wala darasani. Limeingia majumbani mwa watu, likasimama baina ya baba na binti yake.

Kwanza tulitazame neno lenyewe kwao. Asili yake ni Kilatini, katika neno proprius, yaani kilicho cha mtu mwenyewe, mali yake hasa. Kitu kilicho appropriate, kwa mzizi wake, ni kitu kilichopata mwenyewe na kikawekwa mahali pake. Ukitia kiambishi cha kukanusha, unapata kitu kisicho cha hapo, kisichomhusu mwenye mahali. Kwa hiyo ndani ya neno hili mna mwenyewe aliyefichwa. Lakini Kiingereza cha leo kimemsahau mwenyewe huyo. Mtu husema kwamba mzaha fulani ni inappropriate, swali fulani ni inappropriate, mkono uliowekwa begani ni inappropriate, na hakuna anayemwuliza ni kwa kanuni ya nani, wala ni nani aliyeumia. Neno linalaumu pasipo kushitaki. Linaashiria kwamba pana mpaka uliovukwa, lakini haliuonyeshi mpaka, wala aliyeuvuka, wala aliyekuwa upande wa pili.

Ndiyo sababu limependwa sana na maofisa, mawakili na wanasiasa. Tarehe 17 Agosti 1998 Rais Bill Clinton wa Marekani alilihutubia taifa lake juu ya uhusiano wake na mwanamke aliyekuwa akifanya kazi Ikulu. Alikiri kwamba uhusiano ule haukuwa appropriate. Kisha, kana kwamba amelisikia neno likianguka chini bila uzito, akaongeza kwamba ulikuwa kosa. Msikilizaji makini wa lugha atatambua kuwa nyongeza ile ndiyo iliyokuwa ungamo. Kivumishi cha kwanza kilikuwa mlango tu, na mtu anaweza kusimama mlangoni siku nzima asiingie.

Tukirudi kwenye Kiswahili, jambo la kwanza la kushangaza ni kwamba kivumishi cha namna hii hatuna. Tuna vivumishi vya ukubwa na udogo, vya uzuri na ubaya, vya urefu na ufupi; lakini kwa kisichostahiki tunatumia kitenzi. Twasema haifai, haipasi, haistahiki, haielekei, haipendezi, haijuzu. Na kila kimoja kati ya vitenzi hivyo kina mizani yake. Haijuzu ni neno la sheria ya dini. Haipasi ni la wajibu. Haistahiki ni la hadhi na malipo. Haielekei ni la sura: jambo limegeuka upande usio wake. Haipendezi ni la macho ya watu. Mzee wa Mji Mkongwe hayachanganyi maneno haya hata kidogo, na mtoto akikatazwa kwa mojawapo hujua papo hapo kama anakatazwa kwa sababu ya Mungu, ya jirani, au ya kioo.

Ama kufaa ni kitenzi chenye tabia ya pekee, kwa maana hakitulii bila ya kumpata wa kumfaa. Kitu hakifai hewani. Kinamfaa mtu au hakimfai. Methali yasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na herufi ile ya k inayomwakilisha mwenye dhiki haiwezi kuondolewa methali ikabaki. Tena tuna methali ya maneno mawili tu, kufa kufaana, iliyo kali kuliko vitabu vingi: hata msiba wa mmoja una mwingine unaomfaa. Kwa hiyo Mswahili anaposema "haifai" akanyamaza, amekisema kitenzi nusu, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: haimfai nani? Na swali hilo huzaa mwenzake: basi inamfaa nani? Maswali haya mawili, ambayo Kiingereza kimeyazika katika mzizi wa Kilatini, sisi tunayo wazi katika sarufi. Ni utajiri tuliopewa bure, nasi tunautupa kila tunapoandika "mila zisizofaa" tukaweka nukta.

Sasa twende Mara. Tarime ni wilaya ya mpakani mwa Kenya, na wenyeji wake wengi ni Wakurya. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, ina Wakurya pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo. Kwa Wakurya ukeketaji wa mabinti umekuwa, kwa vizazi vingi, njia ya kumtoa mtu katika utoto na kumtia katika utu uzima. Kwa kawaida msimu wake huwa mwezi wa Disemba, shule zinapofungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba mkoani Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ukaonyesha 28. Kwa nchi nzima hesabu zilikuwa 10 na kisha 8. Mwendo ni wa kushuka, lakini mkoani Mara ni wa taratibu, na nyuma ya kila tarakimu pana mtoto mmoja na asubuhi moja.

Kabla ya kivumishi kufika, palikuwa na ugomvi wa jina. Kwa miaka mingi watu waliandika "tohara ya wanawake". Msomaji wa visiwani hahitaji kuelezwa tohara ni nini. Ni neno la Kiarabu la usafi, nalo ni mlango wa kwanza wa vitabu alivyosomeshwa chuoni. Kukiita kitendo hiki tohara ni kusema kimyakimya kwamba aliyefanyiwa ametakasika, na asiyefanyiwa ni mchafu. Hukumu imeshatolewa kabla ya kesi kusikilizwa. Neno ukeketaji liliposhika nafasi, mambo yaligeuka. Kukeketa ni kukata kwa kisu butu. Ni neno ambalo masikio yenyewe huliogopa. Wako walioliona neno hili kuwa la matusi kwa mila za watu. Mimi naliona kuwa la haki, kwa sababu moja ya kisarufi: ni kitenzi kinachodai mtendaji na mtendwa. Huwezi kukeketa bila ya kumkeketa mtu. Ngariba, ambaye pwani jina lake lilitajwa kwa heshima, katika sentensi hii anasimama na kisu mkononi, na binti yuko mbele yake. Hakuna pa kujificha.

Sheria nayo, ilipoingia, ilitumia vitenzi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwaka uleule wa hotuba ya Clinton, iliingiza katika Kanuni ya Adhabu kifungu cha 169A, kinachokihesabu kitendo hiki kuwa ukatili dhidi ya mtoto. Sheria haikusema kwamba jambo hili halifai. Ilisema kwamba mwenye dhamana ya mtu aliye chini ya miaka 18 akimkeketa, au akisababisha akeketwe, atafungwa si chini ya miaka 5 wala si zaidi ya miaka 15, au atatozwa faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Mtu anaweza kuilaumu sheria hiyo, na wengi wameilaumu, kwa kumwacha nje mwanamke aliyetimiza miaka 18, na kwa faini ambayo haikuzidi thamani ya ng'ombe wachache. Lakini hawezi kuilaumu kwa kutosema ni nani aliyefanya nini.

Kivumishi kiliingia kwa mlango mwingine, mlango wa mikataba, ripoti na semina. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inazungumzia mila zenye madhara. Na hilo ni jina la kuridhisha, kwa sababu madhara hupimika na mwenye kudhurika huonekana. Lakini barabara ni ndefu kutoka Maputo hadi kwenye uwanja wa shule wa Tarime, na njiani maneno hubadilishana mizigo. Harmful ya mkataba, inappropriate ya semina na bad ya mazungumzo ya kawaida zilipofika kwenye magazeti yetu zilikuwa zimeshakuwa kitu kimoja: mila potofu.

Napenda tukae kidogo na neno hili potofu, kwa maana kulifahamu ni kufahamu kosa lote. Linatokana na kupotoka, yaani kuiacha njia iliyonyoka. Lakini limeacha kuwa kitenzi na kuwa kivumishi kamili, na kwa hiyo limepata ule uhuru wa Kiingereza wa kulaumu bila ya kueleza. Kufaa kunadai yambwa; potofu haidai chochote. Haiulizwi potofu kwa nani. Inadokeza tu kwamba iko njia iliyonyoka, na msemaji yumo ndani yake, na hao wengine wametoka. Mzee wa Kikurya akisikia mila yake inaitwa potofu, hasikii habari za binti yake wala damu wala kifo. Anasikia habari zake yeye: kwamba babu zake walipotea njia na kwamba huyu kijana mwenye kipaza sauti hakupotea. Mazungumzo yamekwisha hapo. Mzee anajibu kwa adabu, anapiga makofi mwisho wa mkutano, na Disemba ikifika hufanya alivyokusudia.

Upana wa neno hili ni hatari nyingine. Katika kapu hilohilo la mila potofu hutiwa pia nyumba ntobhu, desturi ya Wakurya ambayo kwayo mwanamke, mara nyingi mjane au asiyejaaliwa mtoto wa kiume, humwoa mwanamke mwenziwe kwa mahari, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Desturi hii ina sura mbili. Kwa sura moja ni ngao: kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimweka mwanamke daraja la chini kabisa katika mirathi na kumbana katika ardhi ya ukoo, na mama asiye na mtoto wa kiume alipata kwa njia hii mrithi, msaada shambani na mwenzi wa uzee. Kwa sura ya pili ni shimo: anayeolewa huweza kuwa binti mdogo aliyetolewa na baba mwenye haja ya ng'ombe, asiyeulizwa lolote. Neno potofu haliwezi kutofautisha sura hizi. Linampiga mjane na mnunuzi wa mtoto kwa fimbo moja. Lakini uliza kwa kitenzi chetu, inamfaa nani na haimfai nani, na mara sura mbili zinaachana zenyewe.

Lililo gumu zaidi ni hili: wenye kushikilia ukeketaji nao wanalo neno lao la kutofaa, nalo lilitangulia letu kufika. Binti asiyekeketwa huitwa kwa Kikurya omosagane, jina ambalo kwa asili ni la rika tu, la msichana ambaye bado hajapitia jando lake. Lakini likitamkwa kwa mtu mzima huwa tusi, na huandamana na hukumu kwamba huyo hafai kuolewa, hafai kukaa na wenziwe, na mahari yake ni ya ng'ombe wachache. Kwa hiyo msichana wa miaka 12 anasimama katikati ya sauti mbili zinazotumia kitenzi kimoja. Mwalimu anamwambia ukeketaji haufai. Shangazi anamwambia bila ukeketaji yeye mwenyewe hafai. Ikiwa hoja yetu yote ni kivumishi, basi tumempa sauti mbili zinazolingana nguvu, na ile ya shangazi ina faida ya kuwa karibu na jiko.

Hapo ndipo sarufi inapotusaidia. Shangazi akisema "hufai", aulizwe: simfai nani? Jibu litakuwa la kweli na la kusikitisha: humfai mchumba, kwa kuwa ndugu zake watacheka, humfai baba, kwa kuwa mahari itapungua, huwafai wazee wa mila na ngariba, ambao kila msimu hupokea ada kwa kila kichwa. Kufa kufaana. Na mwalimu naye akisema "haufai", aulizwe vilevile: haumfai nani? Jibu lake ni jepesi, nalo ni jibu ambalo hakuna mzee anayeweza kulipinga kwa jina la mababu: haukufai wewe, unayevuja damu leo na utakayejifungua kwa shida kesho. Kati ya orodha hizi mbili, jina la binti limo katika moja tu. Hiyo ndiyo hoja, nayo haikuhitaji kumwita mtu yeyote mpotofu.

Itasemwa kwamba kivumishi cha jumla kina hekima yake. Kwamba mgeni haingii kwa watu akitaja visu na damu, bali hubisha hodi kwa maneno laini. Hoja hii ina uzito. Adabu ya Kiswahili yenyewe imejengwa juu ya maneno ya kuzunguka, nasi wa visiwani ni wa mwisho kuikana. Lakini kuzunguka si kukwepa. Anayezunguka anajua katikati ni wapi. Tunalo neno soni, haya inayomzuia mtu kufanya asichostahiki mbele ya anayemheshimu. Na mzizi wake umeenea kwa jamaa zetu wa lugha za Kibantu, wakiwemo Wagusii, majirani wa karibu wa Wakurya, wanaosema chinsoni, na Waganda wanaosema ensonyi. Soni haiko hewani. Ni soni ya mtoto mbele ya mzazi, ya mkwe mbele ya mkwewe. Lugha hizi zote zilijua kwamba kisichostahiki ni uhusiano uliovunjwa baina ya watu wawili wenye majina. Mwenye kutaka maneno laini na ayatafute humo. Asiyatafute katika kivumishi ambacho hakimwoni mtu.

Na wale waliofanya kazi kubwa katika wilaya hizi mbili hawakuifanya kwa kivumishi. Rhobi Samwelly, mwenyeji wa huko ambaye alikeketwa akiwa binti na akakaribia kufa, alisimamia nyumba salama ya Mugumu, na filamu ya Giselle Portenier ya mwaka 2018 iliwaonyesha walimwengu jinsi mabinti walivyokimbilia huko usiku. Masanga, wilayani Tarime, mabinti wamekuwa wakipokewa katika kambi msimu wa Disemba, wakifundishwa, na kufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima isiyo na kisu. Watu wa kujitolea wa mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, wamechora ramani za vijiji vya huko, kwa sababu simu ikipigwa usiku kwamba binti atakatwa alfajiri, polisi na wasamaria hawahitaji kujua kama mila ni potofu. Wanahitaji kujua kijiji kiko wapi na njia ipi inafika. Kisha, kambi ikivunjwa, wazazi huitwa, husemeshwa, na huahidi kwa jina la binti yule kwamba hataguswa.

Yafaa tulitazame tendo hilo la mwisho kwa jicho la mhakiki wa lugha. Baba anayeahidi hasemi kwamba mila yake imepotoka. Pengine haamini hivyo, na hakuna aliyemlazimisha aamini. Anasema hatamkeketa binti huyu. Kuna mtendaji, kuna kitendo, kuna mtendwa, na kuna wakati ujao uliokanushwa. Ahadi hiyo huweza kuvunjwa, na kwa wengine imevunjwa. Lakini ikivunjwa, kila mtu anajua ni ipi iliyovunjwa na ni nani aliyeivunja. Anayeahidi kuacha mila potofu hajaahidi kitu.

Kwa waandishi na wafasiri wenzangu nina pendekezo dogo, lisilohitaji baraza wala kikao. Tukikutana na inappropriate, tuandike "isiyofaa" kama tulivyozoea, lakini tusiweke nukta. Tumtafute mwenye kufaiwa. Kama vazi halifai, tuseme halimfai nani na kwa shughuli gani. Kama mguso haufai, tusiwaachie watoto wa shule kitendawili; tuwaambie ni mkono wa nani, mahali gani pa mwili, na kwamba mwili ni wa mtoto mwenyewe. Mara nyingi tutagundua, tukiwa na kalamu mkononi, kwamba hatuna jibu. Na hapo tutakuwa tumejifunza kuwa sentensi ya Kiingereza nayo haikuwa nalo. Na pale tutakapokuwa na jibu, tutaona kwamba kivumishi hatukihitaji tena. Tutakuwa na kitenzi, na mtu aliyetenda, na mtu aliyetendwa, ambaye katika habari za Tarime na Serengeti ana umri wa miaka kumi na kitu, na anasubiri Disemba.